Reli Mliing'oa, Lori Mnalinunia

Mfyuu! Eti malori yameiharibu Wales. Hayo nimeyasikia kwa masikio yangu, kwenye kantini ya mnada wa mifugo, kutoka kwa bwana mmoja aliyehamia juzi tu akitoka mjini. Kanunua nyumba ya shamba ambayo shamba lake lilishauzwa, na sasa anataka barabara nayo inyamaze. Anywe chai yake kwanza! Maziwa yaliyomo kwenye hicho kikombe yalikuja kwa miguu? Wazee waliokuwa meza ya jirani walitazamana, mmoja akaivuta kofia yake chini, akaendelea na mkate wake. Wawelshi wa mashambani wana adabu zao. Wakikudharau wanakuuliza hali ya hewa ya kwenu. Mimi mtu wa Tanga, nimeletwa huku na kazi ya kuhudumia wazee majumbani, adabu ya namna hiyo sikufunzwa. Nitasema.

Kazi yangu ni ya barabarani nusu na ya kitandani kwa wagonjwa nusu. Natoka nyumba hii, naingia gari langu dogo, nakata vichochoro vya ua na mawe, nafika nyumba ile namkuta babu ananingoja nimsaidie kuvaa soksi. Na wengi wa hao mababu waliendesha malori. Basi nikifika nimechelewa kwa sababu ya lori, hawanigombezi. Wananiuliza: lori gani, rangi gani, lilikuwa limebeba nini, lilikuwa linaelekea wapi? Nikijibu sijui, ndipo uso unapokunjwa.

Tazameni nchi yenyewe ilivyokaa. Milima imejazana katikati, watu wamesukumwa pembeni. Mtu wa Cardiff, kusini, akitaka kwenda Bangor, kaskazini, kwa treni, inambidi atoke nje ya nchi yake, apite upande wa Uingereza kupitia Hereford na Shrewsbury, kisha arudi kwao kwa mlango wa nyuma. Akikataa hayo, anayo A470, kama kilomita 300 kutoka Cardiff hadi Llandudno. Jina kubwa hilo! Ni njia za zamani zilizounganishwa miaka ya 1970 na kupewa namba moja, na bado ukipita unauona mshono: hapa pana, pale nyembamba, hapa daraja la mawe la enzi za farasi, pale kona inayokurudisha ulikotoka. Kabla ya Dolgellau kuna Bwlch Oerddrws, mbele zaidi, ukishaipita Blaenau Ffestiniog, kuna Bwlch y Gorddinan. Aliyewahi kupanda mlima Kitonga kule kwetu nyuma ya semi lililojaza hana haja ya kuelezwa.

Sasa nani aliyeileta mizigo yote hii barabarani? Dereva? Machi 1963 ilitoka ripoti ya Dk. Richard Beeching, mkuu wa reli za Uingereza, na Wales ya mashambani ikanyolewa upara. Desemba 1964 mafuriko yakaimega reli ya Aberystwyth kwenda Carmarthen. Kuitengeneza? Nani atoe hela, na njia yenyewe imeshahukumiwa kufa! Februari 1965 treni za abiria zikakoma njia nzima. Yaliyobaki yalikuwa maziwa. Ndiyo, maziwa! Abiria walishaambiwa wakapande basi, lakini treni ya maziwa iliendelea kutoka upande wa Lampeter hadi 1973, kwa sababu ng'ombe hasomi ripoti. Halafu nayo ikaondolewa. Vyuma vikauzwa chakavu, nyumba za stesheni zikageuzwa nyumba za wageni wa likizo, na anayelala humo akiamka asubuhi analalamika kwamba lori la maziwa limemkatiza usingizi. Mfyuu!

Ngojeni niwaeleze maziwa, maana hapo ndipo wazee wangu wanapoamka hata kama dawa zimewalaza.

Mwaka 1933 iliundwa bodi ya kuuza maziwa, na mkulima mdogo wa mlimani, ambaye mpaka hapo alikuwa anabembeleza wachuuzi, akaanza kupata hundi kila mwezi. Hundi ya kila mwezi, katika miaka ile ya dhiki! Basi kila mwenye ng'ombe saba, kumi, akawa mwenye maziwa. Kwenye mdomo wa kila njia ya shamba kikajengwa kijukwaa, cha zege, cha mawe, cha magogo ya reli kuukuu, kimo chake sawasawa na bodi ya lori. Juu yake zinapangwa keni. Keni moja galoni kumi, yaani lita 45 na kitu. Ikijaa inapita kilo 50. Na anayeifikisha pale mara nyingi ni mama wa nyumba, keshakamua, keshawasha jiko, keshawavisha watoto, halafu anakuja mtu kusema kilimo cha Wales kilibebwa na wanaume. Nyoo!

Lori linafika saa ileile kila siku. Dereva na utingo wake wanashuka, keni tupu zinateremshwa, zilizojaa zinapandishwa. Babu mmoja ninayemhudumia, mikono inatetemeka hata kijiko hakikai, alinionyesha kwa vidole jinsi ya kuviringisha keni mbili kwa mpigo, kila mkono na yake, zimeinamishwa zikatembea kwa ukingo wa chini tu. Mkono wake ukatulia kabisa. Kisha akataka kijiko, ukaanza tena kutetemeka. Sikusema kitu, nikamlisha.

Lori hilo lilikuwa zaidi ya lori. Lilichukua mtoto aliyechelewa shule, mkate wa jirani, kipuri cha trekta, barua ambayo posta ingeikawiza. Lilichukua umbea pia, na huo ndio ulikuwa mzigo usioisha. Nani kafiwa, fahali wa nani kavunja ua, binti wa nani kaonekana na mwana wa kanisa lile jingine. Habari inapanda shamba la kwanza na keni, mpaka lori linafika kiwandani imeshapata mkia na pembe. Madereva wenyewe wanakana. Wanasema wao walikuwa wakisikiliza tu.

Na msidhani dereva alikuwa akizunguka dunia. Serikali ya London ilipotaifisha usafirishaji wa masafa marefu, mwishoni mwa miaka ya 1940, wenye malori waliobaki huru walifungiwa ndani ya maili 25 kutoka kituo chao, wasivuke bila kibali. Haikudumu, miaka michache tu. Lakini fikiria mtu aliyezungushiwa kamba ya namna hiyo: ataacha kulijua kila geti, kila mbwa, kila jiwe linalokata tairi?

Julai 1979 keni ya mwisho ikachukuliwa. Kuanzia hapo ni boza tu, na shamba liwe na tanki lake la baridi. Maendeleo hayo, sawa, maziwa safi, hakuna kuchacha juani, migongo ya watu imepona. Ila tanki la baridi ni hela, na boza linataka uwanja wa kugeuzia na njia ya kulibeba. Mwenye ng'ombe kumi, kichochoro chake kimebanwa na ua kulia na korongo kushoto, aliambiwa nini? Hakuambiwa kitu. Aliuza ng'ombe. Mwaka 1984 ikaja migao ya Ulaya, kila mtu na kiasi chake, ikawamaliza baadhi ya waliokuwa wamebaki. Vijukwaa vya keni mpaka leo vipo kando ya barabara, vingine vimepangwa vyungu vya maua. Watalii wanavipiga picha bila kujua wanapiga nini.

Sasa tuyataje malori yenyewe, maana wengine mmekuja kwa hilo tu, nawajua.

Commer ndiyo wanayobishania kwa sauti. Ilikuwa na injini ya TS3, silinda tatu lakini pistoni sita, mbili mbili zinakimbiliana ndani ya tundu moja. Hata kutazama huhitaji, inabweka. Inapanda kilima upande wa pili wa bonde, na mama jikoni anajua kwamba dakika kumi zimebaki apeleke keni. Bedford TK ilikuja baadaye, miaka ya 1960 ilipokuwa inaanza, kabini yake nadhifu na injini imefichwa nyuma ya kiti, unaifungulia vifuniko vya pembeni kama unachungulia stoo. Wazee wa kwetu Bedford mnaijua, tulibebwa nayo sisi na magunia yetu, na Leyland nazo ziliunganishwa hadi Thika. Ndiyo maana nilipowaambia mababu hawa kwamba jina Bedford nimelikuta nyumbani kabla sijajua Wales iko wapi, waliniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili.

Halafu kuna wa Foden na wa ERF, hao ni madhehebu kamili. Chanzo ni ugomvi wa familia moja ya Sandbach, ng'ambo ya mpaka kwa jirani Uingereza. Edwin Richard Foden aliona zama za lori la mvuke zimekwisha, dizeli ndiyo habari. Jamaa zake wakashikilia mvuke. Akatoka, na 1933 akaanzisha lori lake, akalipa herufi za mwanzo za jina lake. Mji mmoja, damu moja, viwanda viwili vinatazamana kwa jicho la pembeni. Majina yote mawili yamekufa: Foden 2006, ERF 2007. Ubishi haujafa. Nimeshuhudia wazee wawili, mmoja haoni vizuri na mwingine hasikii, wakigombana ipi ilipanda vizuri zaidi ikiwa na tani za chokaa. Kila mmoja alisema hoja zake na hakuna aliyemjibu mwenzake.

Mlangoni mwa kabini paliandikwa kwa mkono wa fundi: jina la mwenye lori, kijiji chake, namba ya simu yenye tarakimu mbili tatu. Na ilibidi, maana majina ya ukoo huku yanahesabika. Jones, Davies, Evans, Williams, umemaliza nusu ya bonde. Mtu anatambuliwa kwa shamba lake au kwa kazi yake, na mwenye lori alitambuliwa kwa rangi aliyolipaka. Hata lori la kwanza la mtoto lilikuwa la nyumbani: vigari vya Corgi, vilivyozagaa dunia nzima, vilitengenezwa Swansea kuanzia 1956. Kampuni iliyovitengeneza ilianguka 1983. Lori dogo, nalo halikupona.

Turudi kwa bwana wetu wa kantini, yule wa "malori yameharibu". Anadhani ugomvi wa mizigo barabarani umeanza na injini. Nani kamwambia? Udongo wa magharibi ya Wales ni mchachu, bila chokaa haukupi kitu. Miaka ya 1830 mkulima alikuwa akikokota mkokoteni usiku kucha kwenda kwenye matanuru ya chokaa, na kila baada ya muda mfupi anakutana na geti: lipa. Anasogea, geti jingine: lipa. Ushuru uliweza kuizidi bei ya chokaa yenyewe. Walioshikilia hayo mageti waliongeza mengine kwenye njia za pembeni, makusudi, wawanase wenye mikokoteni ya chokaa. Basi Mei 1839, kijijini Efailwen, wanaume wakavaa magauni, wakajipaka masizi usoni, wakalibomoa geti usiku. Kiongozi wao walimwita Rebecca, jina la kwenye Biblia. Likajengwa upya, likabomolewa tena. Vurugu zikaenea, zikaja kupamba moto 1843, na mwaka huohuo mama mmoja mlinzi wa geti huko Hendy akauawa, nami sitaki mtu anipambie hilo kwa magauni na nyimbo. Mwaka 1844 sheria ikabadilishwa, na ushuru wa chokaa ukapunguzwa.

Kwa hiyo hawa ni watu ambao waliwahi kupigana kwa ajili ya haki ya kupitisha mzigo mbele ya mlango wa mtu. Wewe umekuja juzi na bango lako la "Malori Hapana". Lo!

Chokaa iliendelea kusafiri. Mwaka 1937 serikali ilianza kuilipia sehemu ya bei, pamoja na taka nyeusi ya viwanda vya chuma ambayo huko mlimani ni mbolea, na malori yakapanda nayo hadi penye mashamba ambayo farasi alikuwa akigoma. Rangi ya kijani mnayoisifia kwenye kadi za posta, sehemu yake ilimwagwa kutoka nyuma ya lori la mtu aliyekuwa anakohoa vumbi. Nimewasikia vifua vyao. Usiku ndiyo vinasema.

Siku hizi naona nini barabarani? Kwanza boza la maziwa, refu, linang'aa, dereva peke yake. Utingo hayupo tena. Anaunga mpira wake, anachukua sampuli, mashine inaandika lita, kaondoka. Shambani huenda asione mtu. Saa za kukaa kwenye usukani zinahesabiwa na chombo. Kilipolazimishwa Uingereza nzima mwaka 1981 madereva walikiita jasusi wa kwenye kabini, na sasa jasusi amekuwa wa kielektroniki, hasinzii. Simlaumu dereva kwa kutosimama kupiga soga. Akisimama atamlipa nani?

Pili, magogo. Tangu 2010 ugonjwa umeingia kwenye miti ya lachi, ikabidi ikatwe milima kwa milima, hasa mabonde ya kusini. Lori la magogo likikupita asubuhi ya mvua unanusa utomvu mpaka tumboni. Mengine yanakwenda mbali, hadi kiwanda cha mbao huko Chirk, kaskazini mashariki.

Tatu, kondoo. Wales ina watu milioni tatu na kondoo kama milioni tisa, na vuli ikifika unaweza kuapa wote wameamua kusafiri siku moja. Wamepangwa ghorofa tatu, pua zimetokeza kwenye matundu. Shauri langu ni moja tu: funga dirisha. Wa ghorofa ya juu hawana choo.

Sasa nisemeje kuhusu miji? Llandeilo, barabara kuu inapita katikati ya mji, maduka huku na huku, na malori mawili yakikutana pale kioo cha pembeni kinapiga saluti kwa mwenzake. Barabara ya kuuzunguka mji imeahidiwa tangu nywele za watu zikiwa nyeusi. Newtown waliipata yao 2019, wakapumua. Ukiwa na mkokoteni wa mtoto kwenye kijinjia chembamba cha Llandeilo, tani 44 zinakupita upana wa kiganja, hutaki kusikia historia ya chokaa. Hilo nalikubali bila kulipindisha. Na madaraja nayo yana umri. Lile la Thomas Telford pale Menai lilifunguliwa 1826 kwa magari ya farasi. Oktoba 2022 walilifunga ghafla kwa wasiwasi wa vyuma vinavyolining'iniza, likakaa hivyo hadi Februari 2023, kisiwa cha Anglesey kizima kikabaki na daraja moja.

Lakini kubalini na ninyi. Februari hiyohiyo ya 2023 serikali ya Wales, pale Cardiff, ilitangaza kuachana na miradi mingi ya barabara mpya, kwa ajili ya hali ya hewa ya dunia, jambo jema. Septemba mwendo wa mitaani ukashushwa hadi maili 20 kwa saa, watoto wasigongwe, jambo jema. Watu karibu 470,000 wakatia saini kuupinga. Reli haikurudi. Barabara mpya haipo. Mwendo umepungua. Ng'ombe hajapewa taarifa, anakamuliwa alfajiri na anakamuliwa jioni, na tanki la shamba likijaa limejaa. Theluji ikifunga njia, boza lisifike, maziwa yanamwagwa, na mkulima anasimama anayatazama. Ukimwambia huyo kwamba lori ni kero atakuuliza hali ya hewa ya kwenu.

Wiki iliyopita nimekutana na kioja chenyewe. Kichochoro cha kwenda kwa babu wa keni mbili, boza liko mbele yangu, mimi nyuma na kigari changu. Mbele yake limetokea gari jeupe la kifahari, la wageni wa likizo, baiskeli mbili mgongoni. Geti la kupishania lilikuwa nyuma ya mgeni, hatua chache tu. Boza lirudi rivasi wapi, na kona tatu na mimi nyuma yake? Mgeni akajaribu, akaingia uani. Akajaribu tena, akaingia ua wa upande wa pili, baiskeli zikavuna majani. Mkewe akashuka kumwelekeza, wakaanza kugombana kulia ni kwa nani. Dereva wa boza akazima injini, akateremka taratibu, mtu mzima, tumbo mbele, akamgongea kioo kwa heshima. Wakabadilishana maneno mawili. Mgeni akatoka, dereva akaingia, akalirudisha lile gari kwa mkono mmoja hadi getini, akalipaki, akamrudishia ufunguo, akapanda boza lake akapita.

Nami nilipompita yule bwana, kafungua simu, anapiga picha mkwaruzo wa rangi mlangoni, na anamwambia mkewe, nilisikia vizuri kwa sababu dirisha lilikuwa wazi, kwamba hizi barabara kusema kweli hazifai kuruhusiwa malori.

Nyoo! Nikafika nimechelewa dakika ishirini. Babu akauliza: lori gani?